Walinipeleka Huangpu kwa Baiskeli

Watu wote walioendesha baiskeli pamoja nami siku ile, kutoka katikati ya Guangzhou, China, hadi bandari ya Huangpu, walijua kwamba mama yangu amefariki na amekwisha kuzikwa. Mimi peke yangu ndiye sikujua. Naanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu sitaki msomaji afanyiwe nilivyofanyiwa mimi, kupelekwa polepole huku anachekewa usoni mpaka wenye habari waone kwamba sasa panafaa kumwambia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Waafrika tulikuwa wachache mjini, kiasi kwamba ukimwona mwenzio ng'ambo ya barabara unavuka kwenda kumsalimia, hata kama humjui. Klabu yetu ya baiskeli ilikuwa klabu kwa jina tu. Haikuwa na jezi wala kadi. Tulikuwa wafanyabiashara tulionunua nguo za jumla soko la Shisanhang, wanafunzi wa vyuo, Wakenya wawili watatu na Mkongo mmoja aliyekuwa anaimba njia nzima. Mji wote ulikuwa unatembea kwa baiskeli, nasi tukanunua zetu, zile nzito za mitumba zenye keria pana ya kufungia mabunda. Siku za kazi zilibeba nguo, na Jumapili zikatubeba sisi.

Matembezi makubwa tuliyaweka wakati wa baridi, wenyeji wanaposherehekea mwaka wao mpya. Siku hizo masoko yote hufungwa, mabosi wa maduka hurudi vijijini kwao, na mgeni hubaki na chumba chake cha baridi na kuta zake. Tukasema kuliko kukaa ndani tukihesabu dari, bora tukaendeshe baiskeli.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mwenyekiti anatangulia, asiyezoea anawekwa katikati, na nyuma kabisa anakaa mtu tuliyemwita mkia. Mkia ndiye anayebeba pampu na viraka, na haruhusiwi kumpita mtu yeyote hata huyo mtu akisukuma baiskeli kwa mkono. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Wanaume walinitania mwanzoni, eti mwanamke atatukokota, wakaacha wenyewe baada ya kuzibiwa pancha zao kando ya barabara.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo kutoka Kanda ya Ziwa, wakala wa mizigo, aliyekuwa akituondoshea makontena yetu bandarini Huangpu. Ofisi yake ndiyo ilikuwa na simu, na sisi wote tulipigiwa hapo. Ukiugua unakwenda kwake, laobani, yaani bosi wa duka, akikuuzia nguo mbovu unakwenda kwake, ukikosa pa kulala ni yeye. Nilimheshimu kuliko mjomba wangu yeyote wa damu. Nalisema hilo ili ieleweke hasira yangu ina mizizi mirefu kiasi gani.

Mama yangu alikuwa Iringa, anaumwa tangu mvua zilipoanza. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, tena binti pekee. Kabla sijasafiri nilikuwa namsuka, akaniambia kama mtu anayeagiza chumvi dukani, kwamba siku akiondoka nisiwaachie wengine wamvishe. Alitaka nimvishe mimi. Nikamwambia aache maneno hayo. Hakuacha. Alimwambia na mdogo wangu wa kiume, akawaambia na akina mama wa kanisani, ili pasiwe na wa kusema hakusikia. Kwetu jambo hilo si dogo. Mama huandaliwa na binti yake mkubwa, na asipokuwepo binti, watu huuliza kwa nini.

Kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulikubaliana. Hali ikibadilika atapiga simu, nami nitaacha kila kitu nirudi, na kama ni lile tusilotaka kulitaja, watanisubiri. "Tutakusubiri, dada, hata wiki nzima," alisema. Nyumbani hapakuwa na simu, yeye alipiga kutoka posta ya mjini, hivyo mimi sikuweza kumpigia. Simu ya karibu ilikuwa ya mchungaji wetu, nayo ilikuwa ya dharura kubwa tu. Niliweza kungoja tu. Mara ya mwisho alipopiga, alisema mama amekunywa uji wote na ameuliza kama huku nakula vizuri. Nikashikilia uji ule.

Zikapita siku bila simu. Nilikwenda ofisini kwa mwenyekiti asubuhi, nikarudi jioni. Siku moja akaniambia mvua za nyumbani zimeangusha nguzo, laini hazishiki. Nilimwamini, maana mvua za mwaka ule kila mtu alizisikia. Siku iliyofuata nilichungulia tu mlangoni, naye kabla sijafungua mdomo akatikisa kichwa na kusema, "Meiyou, mwanangu," lile neno la hakuna ambalo wauza nguo wa Shisanhang hutuambia tukiulizia saizi wasizonazo. Ulikuwa utani wetu. Nikacheka, nikaenda zangu. Alikuwa ameshapigiwa simu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Asubuhi ya matembezi tulikutana kando ya mto, karibu na daraja. Kulikuwa na manyunyu, ile baridi ya Guangzhou isiyo na barafu lakini inayoingia kwenye mifupa na kukaa. Milango ya maduka ilikuwa imeshushwa, imebandikwa karatasi nyekundu, na nje ya kila nyumba michungwa midogo ya kwenye vyungu ilikuwa imesimama kama wageni walionyimwa kuingia. Nilifika nikiwa na pampu begani. Mwenyekiti akaitoa begani kwangu.

"Leo wewe kaa katikati," alisema. "Kila siku unatuchunga sisi. Leo pumzika, mwanangu."

Nikaona ni heshima ya sikukuu. Hata nilijivuna kidogo.

Shoga yangu aliendesha ubavuni kwangu. Yeye alikuwa mfanyabiashara kutoka Unguja, tulikuwa tunakodi vyumba vinavyopakana, na kwa mwaka mzima tulikula chungu kimoja, akinipikia pilau siku zake nami nikimpikia ugali siku zangu. Begi lake lilikuwa limevimba. Nilimuuliza amebeba nini, akasema nguo za kubadilisha tukilowana. Zilikuwa kanga. Wanawake wote wa msafara ule walikuwa na kanga kwenye mabegi, za kunifunika nikishaambiwa.

Tulielekea mashariki. Kawaida matembezi yetu yalikuwa na fujo, vijana wanashindana, Wakenya wanatupiana maneno, mtu anatumbukia kwenye dimbwi na anachekwa mpaka jioni. Siku ile hakuna aliyeshindana. Wakati wa kupanda daraja walipunguza mwendo wote kwa pamoja ili nisichoke, mimi ambaye nilikuwa nawasukuma wao. Mkenya mmoja, mtani wangu mkubwa, hakunitania hata mara moja, nikamuuliza kama ameachwa na mchumba. "Zii, niko poa tu, sista," akasema, akaangalia tairi lake. Mkongo hakuimba.

Basi nikaimba mimi. Kila nikikumbuka hapa natamani ardhi inimeze. Niliona watu wamepoa, nikajipa kazi ya kuwachangamsha. Nikaimba nyimbo za kipaimara, nikawaiga mabosi wa Shisanhang wanavyotufukuza tukipunguza bei sana, nikaachia usukani mikono yote miwili nikiteremka. Nao walicheka. Walinichekea jinsi watu wazima wanavyomchekea mtoto wa marehemu anayecheza uani wakati wao wanapanga viti vya msibani, na mimi nikadhani nimefanikiwa.

Tulipumzika nje ya mji, penye mabustani, ambako bibi mmoja alikuwa akiuza miwa. Ndani ya mji fataki zilipigwa marufuku, lakini vijijini huko zililipuka kila dakika, na barabara ilikuwa imejaa vipande vya karatasi nyekundu vilivyolowa. Nilikaa juu ya keria ya baiskeli yangu natafuna muwa. Nikawaambia habari za mama. Nikasema najua laini hazishiki, lakini moyo wangu umetulia, kwa sababu mtu anayemaliza uji wote na kuuliza habari za watu ni mtu anayepona. Nikasema mwezi wa nne nikirudi nitamchukua nimpeleke Dar kwa daktari mkubwa.

Shoga yangu akanishika goti.

"Alhamdulillahi," alisema.

Nimesamehe mengi maishani, lakini neno lile nililibeba miaka mingi. Mtu anamshukuru Mungu mbele yako kwa afya ya mama ambaye anajua yuko kaburini.

Karibu na lango la bandari palikuwa na mgahawa wa Waislamu wa Kichina, wale wanaovuta tambi kwa mikono. Wao hawakufunga sikukuu ile, na klabu yetu ya watu mchanganyiko ilipapenda kwa sababu kila mmoja aliweza kula. Mwenyekiti alikuwa amewatuma watu mapema. Meza ziliunganishwa, chai ya moto ilikuwa tayari, na mimi nikawekwa kwenye kiti kilichoelekea ukutani, shoga yangu kulia na mwanamke mwingine kushoto. Wanaume wawili wenye nguvu walikaa nyuma yangu. Nilikula bakuli zima la tambi na kondoo. Waliniacha nile kwanza. Baadaye niliambiwa kwamba hilo nalo lilipangwa, ili msiba usinikute na njaa.

Kisha mwenyekiti akasimama, akavua kofia. Mtu wa kwetu akiona mzee anavua kofia katikati ya chakula hahitaji maneno mengi.

"Mwanangu," alisema, "mama amepumzika."

Mikono ilinifikia kutoka pande zote. Kanga zikatoka. Mwenye mgahawa alipunguza sauti ya televisheni, na nakumbuka nilimwonea haya mtu yule, kwamba tumemletea kilio siku yake ya biashara. Kila mtu alikuwa amejiandaa nianguke. Sikuanguka. Nilikaa wima na kuuliza lini, wakaniambia, na nilipokumbuka siku hiyo nilikuwa wapi nikaona mlango wa ofisi na ule utani wa meiyou.

"Maziko ni lini?" nikauliza.

Waliangaliana jinsi watoto wanavyoangaliana chombo kikivunjika.

"Ilikuwa jana," mwenyekiti alisema.

Sasa nitasema jambo ambalo wasiotoka kwetu huenda wasilielewe. Mimi nimekulia katika desturi hii ya kuficha msiba. Mtu akifiwa mbali haambiwi kwa ghafla. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, anapakiwa kwenye basi na ndugu wawili, anapewa maji njiani, na anajua ukweli akishafika na kuona maturubai na watu wa kumshika. Siidharau desturi hiyo. Ina huruma yake. Lakini mwisho wake ni kwamba mtu anafikishwa. Wanakudanganya ili wakufikishe kwa maiti wako ukiwa na akili zako. Hawa walichukua udanganyifu wakaacha safari. Walinifikisha kwenye bakuli la tambi.

Niliwauliza kwa nini. Mwenyekiti akajibu taratibu, na lazima nikiri majibu yake hayakuwa ya kijinga. Ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, na bila kibali nikitoka nisingerudi. Treni za kwenda Hong Kong, ambako ningepanda ndege, zilijaa watu wanaorudi makwao. Iringa si Dar, ningeshuka kwenye ndege bado nina siku nzima ya barabara iliyokatwa na mvua. Ningejua, ningehangaika peke yangu kwenye chumba changu, kwenye mji uliofungwa, na mwisho nisingefika. Walikaa kikao, akasema. Waliona bora nipate habari nikiwa nimezungukwa na watu.

"Mlikaa kikao kuhusu mama yangu," nikasema.

"Tulikuonea huruma, shoga'ngu," shoga yangu akasema, analia.

Labda ni kweli nisingefika. Nimelifikiria hilo usiku na mchana, na mara nyingi nakubali kwamba nisingefika. Lakini ningelala nje ya ofisi ya vibali. Ningewalilia watu wa stesheni. Ningepiga simu kwa mchungaji nikawaambia wanisubiri siku mbili, tatu, nne. Ningeshindwa mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Wao walishindwa kwa niaba yangu.

Na kwa kuwa tulikuja kwa baiskeli, ilibidi turudi kwa baiskeli. Msiba gani huo, mfiwa anapewa pole kisha anaambiwa apande akanyage. Mabasi ya sikukuu yalikuwa machache na hayapakii baiskeli. Nilikataa kukaa katikati. Nilitangulia, nikakanyaga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, kanga ya watu mgongoni, manyunyu usoni. Walinifuata kwa mbali. Nilimsikia mwenyekiti akiwaambia wanipe nafasi, kwa ile sauti yake ya kupanga mizigo.

Shoga yangu peke yake ndiye aliyekaza mwendo akanifikia. Nilimuuliza, bila kumwangalia, alipataje ulimi wa kusema alhamdulillahi.

"Ningesema nini, mwenzangu," akajibu, anahema, "na wewe ulikuwa unacheka?"

Leo nadhani lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyopewa siku ile, lakini wakati ule nilitaka tu apate pancha.

Kesho yake nilikwenda ofisini, maana mwenyekiti alikuwa amepanga na mdogo wangu apige simu. Waliokuwepo walisimama kunipisha. Mwenyekiti mwenyewe akanisogezea kiti chake, akakaa kwenye boksi la mizigo, mikono juu ya magoti. Simu ikalia. Laini haikuwa na tatizo lolote. Sauti ya mdogo wangu ilikuja safi kama yuko chumba cha pili.

Tulipeana pole. Tulilia kidogo, kila mmoja upande wake. Alinisimulia jinsi watu walivyojaa, jinsi mvua ilivyokatika saa ya kwenda makaburini. Nikamuuliza nani alimvisha mama. Akasema ni shangazi zetu. Nikamuuliza basi kwa nini hawakunisubiri, hata siku mbili, wakati tulikubaliana.

"Lakini dada," akasema, "si wewe uliyesema tusikusubiri?"

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mzee wa huku Guangzhou, yule mwenye ofisi, alipiga simu kwa mchungaji. Alisema yuko na mimi hapohapo, kwamba nimeshapewa habari, nimelia sana na siwezi kuzungumza, lakini nimeridhia wazike. Shangazi mmoja alikuwa ameshikilia kwamba nisubiriwe, kwa sababu ya agizo la mama. Mchungaji akasimama mbele ya waombolezaji wote akatangaza kwamba binti mkubwa ameridhia. Ndipo shangazi akakubali kwenda kumvisha.

Nilimtazama mwenyekiti. Hakuinamisha kichwa. Alinitazama kwa huruma, na nadhani huruma ile ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Sikusema hivyo," nikamwambia mdogo wangu. "Nilikuwa sijui. Jana ndiyo nimeambiwa. Juzi yote nilikuwa nazunguka tu hapa mjini, sijui chochote."

Nikamwinulia mwenyekiti mkono wa simu.

"Mwambie," nikasema. "Mwambie wewe."

Akainuka kwenye boksi, akaupokea, akakohoa kidogo kusafisha koo. Nilisimama karibu kabisa, ili nisikie kila neno.

"Kijana wangu, poleni tena," alisema. "Dada yako ana uchungu mwingi. Bado hajatulia. Mchukulieni kwa upole tu, atakaa sawa." Akanirudishia simu, akanipigapiga bega.

Nilibaki nimeishika. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilijua kelele zangu zingekuwa ushahidi wake. Kule Iringa, nyuma ya mdogo wangu, nilisikia watu wa posta wakigonga mihuri.

"Dada," akasema mwishowe, taratibu, jinsi mtu anavyozungumza na mgonjwa, "usihangaike kujieleza. Hakuna anayekulaumu hapa. Kila anayeuliza, tunamwambia ulikosa ndege."